Kompyuta Sita za Akina Mama wa Maziwa

Jumamosi, 21 Februari

Ramadhani. Joto la kukausha mate. Leo nimepata habari niliyoingoja miaka kumi na saba.

Chama cha akina mama wa maziwa ya ngamia, hapa hapa Waberi, kimepewa kompyuta sita za msaada. Kuukuu! Nzito! Windows mpya imezikataa zote sita. Mwenyekiti wao, Eddo Muslimo, ambaye ni shangazi wa mtaa mzima, anatafuta fundi mmoja wa kuzitunza na kuwafundisha mabinti wa chama.

Fundi huyo ni mimi, Olow. Nani mwingine? Natumia Linux badala ya Windows tangu 2009. Ni ya bure, haikusumbui, inafufua mashine iliyokwisha kufa. Nimeihubiri Garissa nzima na sijapata mtu wa kunifuata. Hata mmoja! Shemeji yangu wa Hadado alikubali mwaka 2014. Siku ya tatu akauza kompyuta, akanunua mbuzi. Aliniambia mbuzi haombi nywila.

Mke wangu Timiro anauza madera mtandaoni kwa laptopu. Miaka kumi na moja namsihi. Anasema atahamia Linux siku itakapomwonyesha picha ya dera bila mimi kuja kuandika mistari minane ya amri kwanza.

Lakini sasa, mabinti ishirini! Nikimpata mmoja tu, mmoja wa kusema ameipenda Linux kwa sababu yangu, roho yangu itatulia.

(Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa nilipata A ya Kiswahili sekondari. Ndiyo A yangu pekee. Siwezi kuiacha ioze.)

Tatizo ni moja. Ayanle naye ameomba kazi hiyo.

Ayanle ana miaka ishirini na sita. Amekulia Eastleigh, amekuja kufungua duka mkabala na langu. Mlango wa kioo. Feni mbili. Laptopu nyembamba kama mkate wa anjera, yenye tundu moja tu. Ukitaka kuchomeka kitu cha pili unanunua waya wa kuongeza matundu. Watu wanalipia matundu! Yangu ina matundu tisa, na mawili yanafanya kazi. Halafu ananiita abti, mjomba, mbele za watu, kana kwamba nina mvi.

Sina wivu. Nasema tu kwamba feni mbili ni israfu.

Jumapili, 22 Februari

Eddo Muslimo ameamua kutujaribu. Kompyuta tatu kwangu, tatu kwa Ayanle, na hukumu ni Alhamisi.

Ayanle amezitazama zake, akasema hizi zimezeeka, Windows mpya haziiwezi, ya zamani haihudumiwi tena, labda chama kitafute nyingine. Akina mama wakahuzunika. Hapo hapo nikasimama! Nikasema mimi nazifufua leo, bila senti moja. Eddo Muslimo akaniangalia kwa macho mazuri ambayo sijayaona tangu harusi yangu.

Nimefuta kila kitu na kuweka Linux kwa mkono wangu, kwa flashi yangu, bila mtandao. Safi kabisa. Skrini nyeusi na mstari mmoja mweupe unaopepesa. Hakuna menyu. Hakuna picha. Hakuna hata saa pembeni. Saa ya nini? Saa kwenye skrini ni ya mtu anayengoja kwenda nyumbani.

Akina mama wakasogea kuitazama. Mmoja akauliza kama imeharibika. Saynab, binti anayeandika rekodi za maziwa, akauliza barua inafunguliwa wapi. Nikampa karatasi yenye amri kumi na moja. Akaishika kama mtu aliyepewa barua ya mahakama.

Ayanle, kwenye zake, ameweka picha ya ngamia kwenye skrini. Ngamia tu! Wakampigia makofi.

Jumatatu, 23 Februari

Printa. Sitaki kuandika juu ya printa.

Haya, naandika. Chama kilitaka lebo za chupa. Ayanle alichomeka waya, akabonyeza mara moja, lebo zikatoka na rangi na ngamia wake. Mimi nilianza saa tatu asubuhi. Saa saba nikapata ukurasa mmoja wenye alama ambazo hata majini hawasomi. Nikaeleza kwamba kosa ni la waliotengeneza printa, wanaficha siri zao. Eddo Muslimo akasema anaelewa, lakini chupa hazina lebo.

Nimerudi nyumbani, nikakuta Timiro ameshika laptopu yake. Ilikuwa nzito tangu mwaka jana. Sasa inaruka! Nikamuuliza imepona vipi. Akasema Ayanle ameisafisha dakika kumi, akakataa malipo, akasema ni ya mke wa abti.

Mke wangu mwenyewe! Amevuka barabara mbele ya duka langu! Nikamwambia angenipa mimi. Akasema alinipa mimi, mwezi wa kumi na moja.

Futari sikuila kwa raha. Sambusa tano tu.

Jumanne, 24 Februari

Nimepita dirishani kwa Ayanle mara sita. Sikuwa nachungulia. Kivuli kiko upande ule.

Nimegundua silaha yake. Kule kwenye ua wa chama akina mama wanafukiza mitungi, lori la maziwa linanguruma, jenereta inapiga kelele, na adhana ya msikiti haisikiki. Siku mbili wamechelewa kufungua saumu. Ayanle amewawekea programu ya adhana ya Maghrib, yenye mnara wa dhahabu na sauti tamu. Eddo Muslimo amemwombea dua. Dua! Mimi niliyefufua kompyuta zilizokufa sijaombewa hata kheri.

Lakini Mola si Athumani. Jioni mtandao umekatika Garissa yote na mnara wa dhahabu ukabaki unazunguka bila sauti. Furaha niliyoipata! Nikavuka barabara nikamhutubia Ayanle mbele ya wateja. Nikamwambia vitu vyake vyote anaviweka kwenye wingu la mtandao, na sisi watu wa huku tunalijua wingu, linapita juu likaenda kunyesha kwa wengine. Nikamtupia flashi yangu ya akiba yenye Linux, nikamwambia akajifunze kompyuta ya kiume.

Akaidaka. Akasema, "Poa abti, nitaicheki." Akaitia mfukoni.

Ananidharau huyu.

Kesho nawawekea akina mama adhana yangu. Nitaiandika mwenyewe. Mistari kumi na miwili! Itapiga hesabu ya jua ndani ya mashine, bila mtandao, bila mnara, bila Ayanle.

Jumatano, 25 Februari

Ya Rabbi. Ya Rabbi. Ya Rabbi.

Naandika taratibu.

Saa nane mchana nilifika chamani. Kompyuta zangu ziko kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha, kwa sababu ya vumbi. Nikaweka programu yangu kwenye kompyuta ya kwanza, nikaunganisha spika kubwa ya harusi. Kazi nzuri! Nikajilaza kidogo juu ya magunia. Njaa, joto, giza la chumba. Usingizi ukanichukua.

Nikashtushwa na adhana. Yangu! Kwenye skrini imeandika MAGHRIB kwa herufi kubwa. Nikaruka. Nikajilaumu kwamba nimelala hadi Alasiri ikanipita. Tende zilikuwa mezani tayari kwa ajili ya jioni. Nikasoma dua, nikala tende tatu, nikanywa maji, nikashushia kikombe cha maziwa ya ngamia mpaka chini. Alhamdulillahi! Nikafungua mlango nitoke nikapokee pongezi.

Jua lilinipiga usoni.

Jua la saa tisa na nusu! Jeupe! Akina mama ishirini wamesimama na mitungi, wanatazama spika ya harusi, kisha wakanitazama mimi. Nilikuwa na maziwa kwenye masharubu.

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikawauliza kwa nini hawafungui, Maghrib imeshaingia.

Eddo Muslimo aliangalia juu. Akaniangalia. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili dereva wa lori naye afaidi: "Waryaa Olow! Wewe nafungua na jua ya nani? Hii yetu iko bado."

Dereva alilazimika kukaa chini. Saynab alifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Ayanle alikuwepo, amekuja na lebo. Yeye hakucheka. Ndilo lililoniuma zaidi. Alinipa kitambaa nifute masharubu.

Alhamisi, 26 Februari

Nimepata kosa, na si langu.

Windows ya zamani ilikuwa imeweka ndani ya mashine saa ya Kenya. Linux ilipoingia ikadhani saa hiyo ni ya Greenwich, kama ilivyo adabu duniani kote, ikaongeza masaa matatu. Mashine ilikuwa mbele kwa masaa matatu tangu Jumapili. Mtandao ungeirekebisha, lakini mimi sikutumia mtandao. Saa pembeni ya skrini ingenionyesha, lakini mimi sikuweka saa. Kwa hiyo kosa ni la Windows.

Nimemweleza sheikh hayo yote, na mchoro. Akasikiliza. Akasema nitailipa funga hiyo baada ya Idi. Kisha akaniuliza kama chumba kile hakikuwa na mlango.

Hukumu: kazi amepewa Ayanle. Zote sita. Eddo Muslimo alisema mimi ni mtoto wake na ananipenda, lakini mabinti wanahitaji mtu anayetoka nje kuangalia jua. Alinipa chupa ya maziwa, yenye lebo ya ngamia.

Watoto wa mtaa sasa wakiniona wanaadhini.

Jumamosi, 28 Februari

Nimefunga duka. Nimelala. Timiro ananiambia nile daku, nimemwambia sistahili. Nikala kidogo.

Najifariji kwa jambo moja. Ayanle hana la kufanya na zile kompyuta. Windows mpya haiziingii! Lazima arudi kwangu. Atakuja kichwa chini. Nitamwacha mlangoni kwanza, kama dakika kumi.

Jumapili, 1 Machi

Sijui niandike vipi.

Nilipita chamani, kwa ajili ya kivuli. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Wamehamisha meza, wametoboa dirisha. Kompyuta zote sita zinawaka. Saynab anaandika rekodi za maziwa, anaimba. Mabinti wanne wanachapisha lebo. Printa inafanya kazi! Nikasogea.

Ni Linux.

Zote sita. Linux! Lakini si Linux yangu. Ni ile iliyokuwa kwenye flashi yangu ya akiba, toleo la wanaoanza, lenye menyu chini, picha ya ngamia nyuma, na saa pembeni. Saa kubwa! Nililiweka kwenye flashi ile mwaka juzi ili nilicheke.

Ayanle akanipokea kwa mikono miwili. Akasema mbele ya wote kwamba elimu hii ameipata kwa abti Olow, kwamba usiku ule ule alijaribu flashi akaona hii kitu ni noma, kwamba ameiweka mpaka kwenye laptopu yake ile nyembamba. Akaniomba niwe nakuja Jumamosi kuwafundisha mabinti, maana yeye ni mgeni na mimi ni mkongwe. Eddo Muslimo akanyanyua mikono kuniombea dua. Saynab akasema ameipenda sana.

Nikasema nina kazi nyingi Jumamosi. Nikaondoka.

Mgeni! Wiki moja! Mimi nimeteseka na skrini nyeusi miaka kumi na saba, yeye anaweka ngamia na printa inatii! Kifua kinaniwaka. Sijawahi kumwonea mtu wivu maishani, na huu pia si wivu. Ni uchungu wa kitaalamu.

Jumatatu, 2 Machi

Asubuhi Timiro amerudi na laptopu yake. Ina ngamia. Ameomba mwenyewe, kwa hiari yake, Ayanle amuwekee Linux kama ya akina mama. Akanionyesha picha ya dera. Ikafunguka mara moja.

Akaniuliza mbona sifurahi. Akasema miaka kumi na moja namwomba hili, na sasa lipo, na mtaa mzima unasema limetoka kwangu. Akauliza si ndilo nililokuwa nalitaka. Nikamwambia si hili. Akauliza ni lipi basi. Nikamwambia hili halina amri kumi na moja.

Alinishika bega, akaenda kukaanga sambusa.

Nimeamua. Kesho asubuhi naenda kwa Eddo Muslimo kumweleza kwa nini Linux haimfai hata kidogo, na kwa nini chama kitafute kompyuta mpya zenye Windows. Nina sababu kumi na nne. Nimeziandika vizuri, kwenye Linux yangu, skrini nyeusi, bila mapambo.

Pia nimeirekebisha adhana. Nimeiambia ipunguze masaa matatu, nikaiweka hapa kwenye mashine yangu ya nyumbani, ambayo haijawahi kukosea saa.

Timiro ananiita nije nifungue, anasema msikiti umeshaadhini. Ni kweli, nausikia. Majirani nao nawasikia wanagonga vikombe. Jua limezama, chumba ni giza, sambusa zinanukia mpaka huku. Nimemjibu wao waendelee tu. Mimi nangoja kompyuta.