Kinundu Chini ya Kofia

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Mawingu tangu alfajiri. Milima ya Iveti haionekani. Kichwa kinauma.

Nimeishi na kinundu kisogoni miaka kumi na miwili. Kilianza kama punje ya hindi, sasa ni kama limau. Kofia imekisitiri vizuri. Anayekijua ni mke wangu Habiba peke yake, na leo amesema basi. Amenipeleka kliniki mwenyewe, kanishika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

Daktari Ndeti alikiminya, akakipima kwa rula. Akasema ni kifuko cha mafuta tu chini ya ngozi. Atanidunga ganzi, atakitoa kwa nusu saa, nami nitarudi nyumbani kwa miguu yangu. Ila kwa kuwa kimekua haraka mwaka huu, kitapelekwa Nairobi kikachunguzwe. Akaendelea na mengine: nije Alhamisi, kisogo kiwe kimenyolewa kwa uangalifu, nisimeze aspirini. Mimi nilikuwa nimebaki palepale kwenye Nairobi. Baba yangu alikuwa na uvimbe shingoni. Naye aliambiwa Nairobi. Alikwenda ameketi, akarudi amelala.

Jumanne, 3 Agosti

Mimi ni kinyozi, na hapo ndipo taabu ilipo. Nani atamletea kichwa chake mtu mwenye kichwa kibovu?

Tena ng'ambo ya barabara yuko Mowlid. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika wembe. Leo ana mashine ya umeme, feni, na kioo kinachoanzia sakafuni. Wateja wangu wanapita kwangu, wananisalimia kwa heshima, wanavuka barabara. Akisikia nimepasuliwa kichwa nimekwisha. Mwezi ujao shule zinafunguliwa, na watoto wa mji mzima lazima wanyolewe.

Nimepata mpango. Nimesafiri.

Nimemwambia Mbula, anayeuza ndizi barazani pangu, kwamba naenda Mombasa kumwona mjomba Abdulatif, anaumwa. Mbula akauliza anaumwa sana? Nikaona si vizuri mgonjwa wa kusafiriwa mbali hivyo awe na mafua. Nikasema sana. Mbula akanipa ndizi nimpelekee. Nimezila njiani, nikabandika tangazo mlangoni.

Habiba kauliza mjomba atasema nini akisikia. Nimemjibu Mombasa ni mbali.

Jumatano, 4 Agosti

Kujinyoa kisogo. Vioo viwili, kimoja ukutani, kingine mkononi. Miaka thelathini katika kazi hii, sikujua kwamba mkono ukienda kulia, kioo cha pili kinaupeleka kushoto.

Nimejikata mara tatu. Mara ya tatu juu ya kinundu chenyewe. Damu kwenye taulo, kwenye kanzu, kwenye kalenda. Nikapaka spiriti. Nililia, ndiyo. Nikameza aspirini mbili kwa maumivu, na moja kwa huzuni.

Habiba alikuwa amesema twende kwa Mowlid, atanyoa vizuri na hatasema kitu. Alisema mara moja tu. Baada ya hapo amefua taulo.

Alhamisi, 5 Agosti

Sista Syombua wa kliniki alinivua kofia.

"Ni nani alikunyoa hivi, mzee?"

Sikupanga kusema lolote. Mdomo ulijisemea.

"Mowlid," nikasema.

Akasema watoto wake wawili hunyolewa kwa Mowlid, na kuanzia leo basi. Nikasikia raha, ya kwanza tangu Jumatatu. Akasema atawapeleka kwa yule mzee wa upande wa pili, ila ameona duka lina tangazo la kufungwa. Akaniuliza mimi nafanya kazi gani. Nikasema fundi cherehani.

Daktari Ndeti hakufurahi. Ngozi ina majeraha, na aspirini inafanya damu isikome upesi. Nirudi Jumatano ijayo. Siku sita zaidi za kujificha ndani ya nyumba yangu mwenyewe, pazia chini.

Ijumaa, 6 Agosti

Sikwenda msikitini. Niko Mombasa.

Habiba kaja na habari. Baada ya sala, imamu amemwombea mjomba Abdulatif, msikiti mzima ukaitikia amina. Aliyemwomba imamu afanye hivyo ni Mowlid. Anataka sifa, huyo.

Habiba anasema dua ya watu wote wale ingenifaa mimi, lakini nimeipeleka Mombasa kwa mtu mzima wa afya. Nilikuwa nimewaza hivyo hivyo tangu asubuhi.

Jumatano, 11 Agosti

Kimetoka.

Nililala kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda. Nilichoona ni viatu vya Daktari Ndeti tu, kimoja kamba imefunguka. Sindano ya ganzi iliuma kama nyigu watatu. Baada ya hapo hakuna maumivu, sauti tu, kama mtu anachana kitambaa chumba cha pili. Kitu cha moto kikateremka nyuma ya sikio. Sista akakipangusa, akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja, Nuha, ameolewa Tala. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Nikaomba kukiona. Kiko ndani ya kichupa, cheupe, kama yai dogo lililochemshwa. Miaka kumi na miwili tumelala mto mmoja. Sasa kinakwenda Nairobi kusema kama nitaishi.

Nyuzi sita. Bendeji imenizunguka kichwa kizima. Daktari kasema nisiiname, nisinyanyue kitu kizito, nisiloweshe kidonda, nyuzi zitatolewa baada ya wiki mbili, majibu yatakuja siku hiyo hiyo. Habiba alirudia kila neno kwa sauti ili nisiseme sikusikia.

Kurudi nyumbani nilijifunika kwa mwavuli. Hakukuwa na mvua. Hakuna aliyegeuka, na hilo nalo liliniuma kidogo.

Ijumaa, 13 Agosti

Mjomba Abdulatif amefariki.

Ilikuwa hivi. Mbula alimuuliza Habiba hali ya mgonjwa. Nilikuwa nimemwagiza aseme anaendelea vizuri. Habiba kagoma kusema uongo. Kasema tu, "Mungu ndiye anajua, dada." Lakini kwa uso alionao wiki hizi, Mbula hakuhitaji zaidi. Saa tisa nyumba ilikuwa imejaa wanawake waliokuja kuhani.

Nilikuwa chumbani, nimekaa ukingoni mwa kitanda, bila viatu nisisikike. Saa tatu nzima. Walileta pilau. Harufu iliingia, sahani haikuingia. Haja ndogo ilinibana mpaka nikaanza kuangalia vyombo vya maua.

Halafu nikamsikia Habiba akilia. Si kilio cha kuwaridhisha wageni. Kilikuwa cha chini, cha mtu aliyekizuia siku nyingi na sasa amepata ruhusa. Mmoja akamwambia jikaze, Mama Nuha, mjomba alikuwa mtu mzima. Yeye akaendelea. Nilijua hamlilii mjomba. Hata hajawahi kumpenda.

Nikajilaza ubavu, nikaacha kuwaza pilau.

Jioni akaja Mowlid. Nilimsikia mlangoni akimpa Habiba pole. Akasema maji ya manyunyu yanaingia chini ya mlango wa duka langu, akipewa ufunguo atakausha na kukiinua kile kiti changu cha ngozi kisioze. Habiba akasema atamuuliza mwenyewe.

Maji! Anataka kuingia aone nyembe zangu za zamani, zile za chuma cha Kijerumani. Alizitamani tangu akiwa mwanafunzi. Nitaamka kabla ya watu nikazifiche.

Jumamosi, 14 Agosti

Naandika nimelala ubavu.

Nilitoka baada ya adhana ya alfajiri, Habiba akiwa bado anasali. Mlango wa duka una chuma kizito kilichokingama kwa juu. Nilikinyanyua kwa mikono yote miwili kama siku zote. Nikasikia kitu kikiachia kisogoni, nyuzi mbili au tatu, halafu joto shingoni.

Ndani kulikuwa na maji. Sakafu nzima. Miguu ya kiti imelowa.

Nilikaa kwenye kiti changu. Niliona kwenye kioo bendeji ikigeuka nyekundu polepole. Nikawaza, hivi ndivyo watakavyonikuta, mtu aliyeko Mombasa.

Aliyenikuta ni Mowlid, anatoka msikitini. Alisimama mlangoni, akaangalia kichwa changu, akaangalia maji. Ule mdomo wake ukaanza kunipa pole ya msiba, ukasita. Alitoa taulo safi, akanikandamiza kisogo kwa kiganja, vile vile nilivyomfundisha kufanya mteja akikatwa. Tukakaa hivyo mpaka kliniki ikafunguliwa. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

Kliniki, Sista Syombua alimtambua mara moja.

"Ni wewe ulimkatakata huyu mzee ile siku? Na bado unashika wembe?"

Mowlid aliniangalia. Mimi niliangalia picha ya chanjo ukutani. Ilikuwa na mtoto mnene anayecheka.

"Ni mimi, sista," akasema. "Mkono uliteleza. Nisamehe."

Wakanishona upya. Safari hii ganzi haikushika vizuri. Sikulalamika.

Jumatatu, 16 Agosti

Habiba amemaliza mambo bila kunishauri. Jana alitoka kwenda kwa imamu, akapitia kwa Mbula, akasema kweli: mjomba mzima, mume wangu amepasuliwa kinundu, aliona haya.

Nilingoja aibu ije. Waliokuja ni watu. Mbula kaleta mkungu wa ndizi, kasema "Aiya, Baba Nuha, kwa hivyo ni wewe ulikula zile za mgonjwa," akacheka mpaka akakaa chini. Muuza nyama kavua shati kunionyesha chake, kiko chini ya bega, kikubwa kuliko changu. Mwalimu wa madrasa ana viwili. Hakuna aliyesema hataleta kichwa chake kwangu.

Mowlid naye kaja, kakaa mkekani kidogo, kauliza kama napata usingizi. Habari ya kliniki hakuitaja. Nimekaa nikimchunguza. Mtu hajitwishi kosa la mwenzake bure. Anataka nini?

Jumatano, 25 Agosti

Sikulala siku mbili. Asubuhi nilivaa kanzu nyeupe kabisa, nikiwaza yaliyompata baba yangu.

Daktari Ndeti alifungua bahasha, akasoma kwa midomo, akasema hakuna saratani. Mafuta tu, kama alivyosema mwanzo. Habiba akainama akashika magoti yake. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilimwekea mkono mgongoni, nikahisi jinsi alivyokonda wiki hizi tatu. Sikuwa nimeona.

Nyuzi zikatolewa. Sista kasema kovu litabaki na nywele hazitaota pale. Kisha akamgeukia Habiba akamwambia, mama, huyu mzee asirudi tena kwa Mowlid, yule kijana ndiye alimkata vibaya mwanzoni, hata mwenyewe amekubali. Yeye amewaonya akina mama wote wanaokuja kliniki na watoto.

Habiba aliniangalia. Alikuwa amefua ile taulo.

Tulipofika langoni alisimama. Hapo akasema, "Utarudi umwambie sista ukweli. Na utamwambia Mowlid samahani kwa mdomo wako. Mimi nimekulilia, Ramzi. Nililia nikidhani unakufa." Akaingia ndani.

Nimemwahidi kabla shule hazijafunguliwa.

Jumamosi, 4 Septemba

Foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Imepita ndizi za Mbula, imekunja kona. Sijaona foleni kama hii tangu umeme ulipofika mtaani. Akina mama wamewashika watoto wao kwa masikio, wanaambiana habari za kijana wa ng'ambo ambaye mkono wake huteleza. Sista Syombua mwenyewe alikuja na watoto wake wawili. Aliponikuta na wembe mkononi akashangaa, akasema kumbe mzee si fundi cherehani. Nikasema zote mbili.

Ilikuwa nafasi nzuri ya kumwambia. Niliona hivyo hata pale. Lakini nilikuwa katikati ya kichwa.

Mowlid alikaa kwenye kigoda mlangoni pake siku nzima. Feni inazunguka nyuma yake, hakuna mtu chini yake. Mara moja alinyanyua mkono kunisalimia. Nikanyanyua wembe.

Jumapili, 5 Septemba

Baridi. Manyunyu. Kovu linawasha.

Habiba hajanisemesha tangu jana. Ameweka chai mezani na kwenda kukaa upande mwingine wa nyumba. Kesho shule zinafunguliwa, na ahadi yangu inaisha leo. Nimekiri moyoni kwamba nimemkosea Mowlid. Alinishika kichwa damu ikitoka, akabeba uongo wangu mbele ya watu, na sasa anakaa peke yake. Nimeona haya kweli. Chai imepoa nikiona haya.

Kwa hiyo nimekaa, nimewaza kwa makini, nimepata njia ya kumsafisha bila mtu yeyote kuumia. Kesho nitamwendea Sista Syombua. Nitamwambia nimekumbuka vizuri: Mowlid hana kosa, mkono wake haukuteleza kamwe. Ni ile mashine yake ya umeme. Ndiyo iliyoruka. Mowlid anakuwa mtu safi, mimi nabaki mtu mkweli, na mashine haina mke wala heshima ya kupoteza. Kisha kwa wema tu nitamshauri Mowlid aiuze.

Nimemweleza Habiba. Amechukua ndoo, akasema anakwenda kuteka maji mtaa wa pili.

Mfereji wetu uko ndani, na maji yanatoka.