Shahidi wa Mezani Alikuwa Mwenye Jogoo

Jamani, leo nimejiaibisha nyumbani kwangu mwenyewe, na waliokuwepo nawataja kabisa, msije mkasikia habari nyingine sokoni. Tulikuwepo mimi Emanueli, mdogo wangu Paulina, baba mkubwa aliyetoka Mbulu, jirani yetu Mama Happy, shomoro wa barazani na jogoo wawili. Jogoo mmoja alikuwa kwenye sufuria. Hapo ndipo penye kesi.

Baba mkubwa alipiga simu juzi. Anakuja Nangara kutusalimia, na akirudi anaondoka na Paulina, akasome akiwa kwake. Hana ubaya, mzee wa watu. Wazazi wetu walipofariki Paulina alikuwa anajifunza kutembea, mimi nikaacha shule kidato cha pili ili nimlee. Tangu siku hizo mzee ana wasiwasi kwamba kijana peke yake hawezi kushika nyumba. Paulina hataki kwenda. Mimi sitaki aende. Lakini mzee huwezi kumwambia "hatutaki" kwenye simu. Nikaamua kumjibu kwa vitendo. Akute uwanja umefagiliwa, aone kuku, ale ashibe, arudi zake Mbulu bila wasiwasi.

Mgeni kama huyo hachinjiwi tetea. Anachinjiwa jogoo, na firigisi ni yake. Jogoo ninaye, anaitwa Diwani, kwa sababu anaongea sana na kazi yake hatuioni. (Madiwani wa kweli mnisamehe.) Mama Happy naye ana wa kwake, Meja. Hao wawili wametotolewa na kuku mmoja, wekundu wote, mikia myeusi, huwezi kuwatofautisha. Ndiyo maana Mama Happy alimfunga Meja kipande cha kitenge cha njano mguuni. Mwenye kitambaa ni wake, asiye nacho ni wangu. Mtaa mzima unajua.

Kuku anakamatwa akiwa bado na usingizi. Kwa hiyo alfajiri niliingia bandani na giza lake, nikapapasa, nikapata jogoo. Nikapapasa mguu: hamna kitambaa. Nikapapasa na mguu wa pili (mimi ni mtu makini): hamna.

"Diwani, nisamehe sana," nikamwambia.

Akanyamaza kimya. Ningeshtuka hapo hapo! Diwani hajawahi kunyamaza.

Nilipokuwa namnyonyoa manyoya, jogoo akawika upande wa Mama Happy. Nikasema moyoni, Meja huyo, ameamka.

Mchana baba mkubwa akafika. Shikamoo, marahaba, akapewa kiti barazani. Akaanza kukagua kwa macho, paa mpaka sakafu. Juu yake, kwenye kona ya bati, shomoro wamejenga kiota cha hovyo hovyo, nyasi zinaning'inia, nyuzi zinaning'inia. Mimi sijawahi kukibomoa. Kila asubuhi nawamwagia chenga za mchele, na kelele zao ndizo redio yangu.

"Na hawa nao unawafuga?" akauliza.

"Hapana, baba mkubwa. Wanakuja wenyewe."

"Lakini unawalisha."

"Kidogo tu."

"Mm."

Hiyo "mm" ilinitoa jasho. Paulina akaniokoa. Akamwonyesha chozi, kale kandege kenye mdomo mrefu uliopinda, kalikuwa kananyonya maua aliyopanda kwenye ndoo iliyotoboka, kifua kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Mzee akakaangalia mpaka akasahau kukagua. Nikaona mambo yanaanza kunyooka.

Sasa hapa ndipo nilipojiona mjanja. Nilimwalika Mama Happy aje kula nasi, makusudi, awe shahidi. Mtu mzima, jirani, mwanajumuiya, neno lake lina uzito. Akaja na khanga mpya. Wali ukapakuliwa, mchuzi ukapakuliwa. Firigisi kwa baba mkubwa. Paja kwa Mama Happy.

"Mama Happy," mzee akasema, "wewe unaishi na hawa watoto. Niambie ukweli."

Mama Happy akainua lile paja kama mtu anayekula kiapo.

"Baba, huyu kijana sina la kumsema. Hanywi. Hana makundi. Na cha mtu hagusi! Mimi nalala mlango wazi kwa sababu yake."

Akang'ata. Akatafuna. Akafumba macho.

"Na kuku anajua kulea. Hii nyama tamu, jamani."

"Ni wako mwenyewe huyu?" baba mkubwa akaniuliza.

"Wangu kabisa," nikajibu, kifua mbele. "Nimemlea mwenyewe toka kifaranga. Diwani namjua kuliko ninavyojijua."

(Ningeishia kwenye "wangu" tu. Nani alinituma kuongeza?)

Jogoo akawika nyuma ya ua wa michongoma.

"Meja wangu huyo," Mama Happy akacheka. "Amesikia harufu ya wali."

Akatokeza kwenye upenyo wa michongoma, mwekundu, mkia mweusi, anatembea kama mwenye uwanja. Akapita mbele ya baba mkubwa. Akampita Mama Happy bila hata kumtazama. Akaja moja kwa moja kwangu, akaruka, akatua kwenye goti langu, akaanza kudonoa wali kwenye sahani yangu.

Kuku anayefanya hivyo Nangara nzima ni mmoja. Kila mchana. Paulina ndiye aliyemfundisha.

"Diwani!" Paulina akapiga kelele, halafu akaziba mdomo. Umeshachelewa, mdogo wangu.

Diwani yuko gotini. Bawa la "Diwani" liko mkononi mwangu. Baba mkubwa ameacha kutafuna, firigisi imemvimbisha shavu moja. Mama Happy akaangalia jogoo. Akaangalia paja. Akaangalia jogoo tena.

"Sasa," akauliza taratibu, "mimi nimemla nani?"

"Mama Happy, niliangalia kitambaa. Miguu yote miwili. Hakikuwepo!"

Baba mkubwa akameza, akainua kidole juu ya kichwa chake. Kwenye kiota cha shomoro, kati ya nyasi na manyoya, kipande cha kitenge cha njano kinapepea. Kilimdondoka Meja mguuni, ndege wangu wakakiokota, wakajengea. Nyumba yao imependeza. Yangu inaungua!

Mama Happy akanyanyuka, akaenda kwake. Tukamsikia anafungua banda. Tukamsikia anafunga. Inaonekana hawa majogoo walibadilishana mabanda jana jioni, kila mmoja akiwafuata tetea wa mwenzake, na sisi hatukuulizwa.

Akarudi. Akakaa. Akachukua paja lake.

"Kama ni wangu, basi acha nimalize mwenyewe. Leteni na shingo."

Baba mkubwa alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikampa Mama Happy Diwani palepale, achukue, tumalizane.

"Huyo? Simtaki! Mimi nataka damu ya Meja. Tetea wenu anaatamia, na Meja ndiye alikuwa anashinda huku. Wakianguliwa nitachagua jogoo, na Paulina atanilelea mpaka awike."

"Lakini Paulina naondoka naye leo," mzee akasema.

"Haondoki mtu hapa na deni langu! Unataka aniachie huyu kaka yake? Si umeona mwenyewe anavyojua kuku?"

Mzee akaweka sahani chini. Akamtazama Mama Happy anavyotafuna shingo, akamtazama Paulina, akafuta macho.

"Nilikuja kuangalia kama hawa watoto wana watu," akasema. "Basi. Abaki."

Paulina alikimbilia jikoni kusonga ugali wa jioni wakati hata wali haujaisha.

Mzee ameondoka na begi lake, peke yake. Diwani yuko juu ya banda anatangaza habari zangu mtaani. Na deni langu lote liko ndani ya mayai, tetea amelikalia. Kwa hiyo naomba sana, mkipita kwangu msicheke kwa sauti. Akishtuka akayaacha, nitamlipa nini Mama Happy?