Wembe na Vinasa vya Asali

Jumatatu, 3 Juni

Kiongozi wa bendi ameniita pembeni baada ya mazoezi. Anasema gitaa langu ni kali mno, linachoma masikio. Alhamisi atatusikiliza mimi na Asali, mmoja baada ya mwingine. Atakayempendeza atapiga mbele Jumamosi, ukumbi wa hoteli. Atakayebaki atasimama nyuma ya mpiga ngoma na kutikisa manyanga.

Mimi, manyanga! Na mchumba wangu amekwisha kumwambia mama yake kwamba napiga mbele. Watakuja wote wawili.

Asali ni mpiga gitaa mwenzangu. Wamempa jina hilo kwa utamu wa sauti ya gitaa lake. Mimi huniita Wembe. Siku zote nilidhani wananisifu.

Nimejichunguza. Sina kosa. Kosa ni la vinasa, vile vibao vyenye sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi na kudaka sauti. Vitabadilishwa.

Jumanne, 4 Juni

Nimeshinda kwa fundi redio. Ana vinasa vya kila namna. Vya koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya: sauti safi lakini kali, kama vyangu. Vya koili moja iliyozungushiwa waya mwingi zaidi: ukali hupungua. Vya koili mbili: sauti nzito, bila mvumo, ila ni vinene, lazima mbao ichongwe ndipo viingie. Fundi akauliza nataka sauti gani. Nikasema ya Asali. Basi akanishauri vile vya waya mwingi. Nikamwuliza kama ana uhakika. Akasema uhakika hana, yeye anauza vinasa, hauzi sauti.

Hapo nikapata wazo. Ya nini kubahatisha? Vinasa ninavyovitaka vipo tayari, vimo ndani ya gitaa la Asali.

Nyumbani, dada yangu mshonaji ananuna. Mfuniko wa kopo lake la vifungo umekatwa kipande cha pembetatu. Nimemweleza kwamba nyuzi zinahitaji kibati cha kukwangulia. Akasema mbona Asali anapiga kwa dole gumba. Nimemwomba ashughulike na cherehani yake.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwambia Asali gitaa lake limejaa vumbi, nitamsafishia, sisi ni ndugu. Akanipa bila kuuliza neno. Akanishukuru mpaka nikaona haya. Haya yenyewe iliisha nilipofika kwa fundi.

Fundi akahamishia vinasa vya Asali kwenye gitaa langu, na vyangu kwenye lake. Akauliza kama mwenyewe ana habari. Nikasema mimi na yeye hatufichani kitu. Kisha nikalifuta gitaa la Asali kwa kitambaa, maana nilikwisha kuahidi kulisafisha, na mimi si mwongo.

Nimekata kibati kipya kwa ajili ya kesho. Mfuniko wa dada sasa una matundu mawili. Vifungo vinapita.

Alhamisi, 6 Juni

Nilianza mimi. Nilikwangua kwa nguvu zote ili utamu utoke. Mpiga ngoma akaziba masikio. Kiongozi akafumba macho. Nikadhani amenogewa, kumbe anavumilia.

Akapanda Asali, na vile vinasa vyangu vikali. Nikakaa mkao wa kula. Akazipapasa nyuzi kwa dole gumba, taratibu, karibu na shingo ya gitaa. Sauti ikatoka nene, laini, ya kumlaza mtoto. Kiongozi akasema leo amepiga vizuri kuliko siku zote. Asali akajibu kwamba ni kwa sababu gitaa limesafishwa, akanikumbatia mbele ya watu.

Kiongozi akanigeukia. "Wembe, ndugu yangu, chukua manyanga."

Jumamosi, 8 Juni

Nimetikisa.

Mchumba wangu na mama yake waliketi mstari wa kwanza. Mpiga ngoma ana mgongo mpana. Mama akauliza mkwe mwenyewe yuko wapi, akaonyeshwa. Baadaye nikaambiwa aliuliza kama mimi ndiye ninayebeba maspika. Nimeumia, sifichi.

Asali akaniona nimenyong'onyea, akanifuata nyuma ya jukwaa. Akasema niende kwake kesho, nikiache hicho kibati, anionyeshe namna ya kutumia kidole. Ni maneno yale yale ya dada. Sijui wanaambiana saa ngapi. Nimemshukuru. Ni mtu mwema, ila halijui gitaa lake mwenyewe.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda. Nimefikiri asubuhi nzima, na sasa nimeelewa. Vinasa nilivionea bure. Kosa ni la kebo! Sauti yote hupita humo kabla ya kufika kwenye spika, na kebo ya Asali ni nyeusi, yangu ni nyekundu. Nani asingeliona hilo?

Nimempelekea ujumbe kwamba kebo yake ina vumbi. Amejibu kwamba ataniletea mwenyewe jioni, na Mungu anizidishie moyo huo huo.

Nikiwa namngoja, nimekata kibati kingine. Safari hii kinene, maana sauti nene inataka bati nene. Mfuniko ulikuwa umekwisha, kwa hiyo nimekikata kwenye kitako cha kopo. Dada yuko sakafuni, anaokota vifungo na kutaja jina langu.