Maoni Yangu Kuhusu Mbuzi wa Mvua

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Bahati imenikumbuka! Jana baada ya misa ya pili, parokia yetu hapa mtaa wa Panda ilionyesha filamu ya watoto ukumbini. Inaitwa Mbuzi wa Mvua. Imetoka kwenye kitabu ambacho binti yangu Tania amekisoma mpaka kurasa zimelegea. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Giza. Joto. Kiti chenye mgongo mzuri. Nililala kabla mbuzi hajatokea.

Nilipoamka watu walikuwa wanalia. Sikujua kuna nini. Nikalia pia, kwa usalama. Tena nililia vizuri, lazima niseme. Mama Orpha, msimamizi wa maktaba ya parokia, akaniona. Akasema mbele ya watu: "Papa Hilaire, weye unajua sinema kabisa!"

Kumbe anatafuta mwenyekiti wa kilabu kipya cha sinema. Jumapili kutakuwa na mjadala. Kila mtazamaji atatoa maoni yake, na mwenye maoni ya kina kuliko wengine ndiye atakayeshika mikrofoni mwaka mzima.

Mikrofoni! Na kiti cha mbele chenye mikono! Mimi ni kinyozi. Maisha yangu yote nazungumza na visogo. Ni wakati watu wanisikilize wakiwa wamenigeukia.

Tatizo ni Barthélemy. Fundi cherehani, duka lake linatazamana na saluni yangu. Anavaa miwani isiyo na namba ili aonekane amesoma. Tulipotoka uani akamsikia Mama Orpha, papo hapo akasema naye anagombea.

Njiani Tania akajitolea kunisimulia filamu yote. Nikamshukuru. Siwezi kufundishwa sinema na mtoto wa darasa la nne.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango umekamilika. Filamu imetoka kwenye kitabu. Kwa hiyo aliyesoma kitabu ameiona filamu, tena bila lile joto. Nilikitoa kitabu mkobani mwa Tania alipokuwa anaoga. Nikasoma jalada. Nikasoma ukurasa wa kwanza. Mteja akaingia. Alipotoka nikasoma ukurasa wa mwisho. Inatosha.

Hadithi ni hii: mvua imeugomea mji. Msichana aitwaye Mirabe ana mbuzi. Mbuzi anapanda mlima, analiuma wingu, mvua inanyesha. Lakini yeye anabaki huko juu, harudi tena. Inasikitisha! Sasa nimeelewa yale machozi.

Alasiri akapita Georges, fundi wa treni anayekaa mtaa wa Shituru. Mteja wangu wa siku nyingi. Nikaona nimjaribu. Nikashusha pumzi, nikasema moyo wangu ulipasuka mbuzi alipobaki mawinguni.

Georges akaniuliza alibaki wapi. Akasema mbuzi alirudi! Aliteremka kwa kuteleza juu ya upinde wa mvua, Mirabe akamdaka, ukumbi mzima ukalia kwa furaha.

Wamebadilisha mwisho! Nani aliwaruhusu? Nikamwambia Georges nilikuwa nampima kama alikuwa macho. Akasema yeye alikuwa macho. Sikupenda jinsi alivyosema "yeye".

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango mpya, bora kuliko wa jana. Nina saluni! Kila siku wanakaa kwenye kiti changu watu walioiona filamu, na hawawezi kukimbia. Nitachukua maoni yao, nitayapiga pasi, Jumapili yatakuwa yangu.

Utaratibu: namnyoa mteja nusu ya kichwa, nazima mashine, namuuliza alionaje filamu. Asipojibu kwa kina, nusu ya pili inasubiri.

Wa kwanza, dereva wa taxi-bus. Alisifu sana pale gari la polisi linapopinduka darajani. Maoni mazuri, yana nguvu. Baada ya yeye kuondoka nikajiuliza: polisi wanatafuta nini kwenye hadithi ya mbuzi? Alikuwa ameona filamu nyingine, kwenye baa. Nimepoteza nusu saa na mafuta ya nywele.

Wa pili, Georges. Yeye ni mtazamaji wa kweli. Alikuwa na lalamiko kuhusu sauti ya mbuzi. "Ile mubuzi ni mama, ananyonyesha," alisema, "lakini wakamuwekea sauti ya padri muzee! Minye nilitaka kusimama nijibu Amina!" Dhahabu tupu. Nikamwomba aendelee. Akaendelea. Nilipotaka kuwasha mashine tena, umeme ukakatika.

Tulisubiri. Haukurudi. Georges akaondoka na nusu kichwa, amevaa kofia yangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Asubuhi alikuja mke wa Georges, bila Georges. Sitaandika aliyoyasema. Umeme ukarudi wakati bado anayasema. Georges akaletwa, nikamaliza upande wa pili kimya kimya, bila swali hata moja.

Tania akaja akitoka shuleni. Akasema leo filamu inarudiwa kwa ajili ya wanafunzi, na wazazi wanaruhusiwa. Akaomba twende wote, tukae mbele, safari hii. Nikamwambia siwezi, niko na kazi nyingi ya kuandaa maoni kuhusu hiyo hiyo filamu. Akanitazama kidogo. Akaenda na mama yake, Bibiane.

Vizuri sana hawakunisubiri, maana mara akaingia Zéphirin! Nywele zake fupi tayari, sikuona cha kunyoa. Nikazunguka na mkasi hewani. Bila hata kuulizwa, akanipa maoni ya ajabu. Kwake yeye, roho ya filamu ni pale mbuzi anapovuka mto akiwa juu ya mgongo wa mamba. Mamba ana njaa, lakini hamli. Ni ishara ya msamaha, akasema. Adui anakuwa daraja.

Adui anakuwa daraja! Nilikaribia kumkata sikio kwa furaha. Nikamwomba arudie pole pole.

Ni kweli Zéphirin ni shemeji wa Barthélemy. Lakini mimi si mtu wa kuchanganya familia na sanaa. Inaonekana ameichoka ile miwani, kama sisi wote.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimefanya mazoezi mbele ya Bibiane akipika bukari, ugali wetu. Nilisimama karibu na mlango, nikashika mwiko kama mikrofoni. Nilipofika kwenye mamba, akaacha kukoroga.

Akauliza mamba gani. Yeye aliiona filamu yote jana, na hakuona mamba. Maskini. Atakuwa alisinzia. Hutokea, pale ndani kuna joto sana. Nikamwambia kwa upole asione haya.

Tania naye akasema hakuna mamba, wala kwenye filamu, wala kwenye kitabu. Nikamweleza kwamba mamba ni ishara, na ishara mtoto hawezi kuiona. Akaniuliza kama ishara ina mkia. Bukari iliungua kidogo, na eti kosa ni langu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wateja wengi. Barthélemy alivuka barabara kunisalimia. Akanitakia heri ya kesho, akaomba apige pasi koti langu yeye mwenyewe. Alilipiga vizuri kabisa! Mtu aliyeshindwa ana adabu yake. Nilimwonea huruma.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika haraka, Bibiane amenitengea chakula, na leo tu amenitengea kwa huruma.

Ukumbi ulijaa. Mama Orpha akafungua mjadala, mikrofoni ikaanza kuzunguka. Mama mmoja alisema shangazi mwimbaji hayumo kitabuni, ameletwa kwenye filamu kujaza muda. Mwingine akamtetea yule shangazi mpaka akasimama na kuuimba wimbo wake. Georges alisema neno lake la padri, watu wakacheka, padri mwenyewe akacheka zaidi. Lile lilikuwa neno langu, lakini nilimwachia. Nina deni naye la nusu kichwa.

Zamu yangu. Koti limenyooka. Nikavuta pumzi. Nikasema roho ya filamu hii ni mamba. Nikaeleza mto, njaa, mgongo, msamaha. Nikamalizia polepole: "Adui anakuwa daraja."

Kimya. Nikadhani ni heshima.

Barthélemy akainua mkono. Akauliza, kwa sauti laini, yule mamba alikuwa wa rangi gani. Nikajibu kijani. Akauliza kama alikuwa mkubwa. Nikasema wa wastani, lakini mwenye huzuni. Hapo watoto wote wakaangua kicheko. Zéphirin alikuwa ameficha uso ndani ya kofia, mabega yanatetemeka. Ndipo nikaelewa. Shemeji ni shemeji!

Barthélemy hakusubiri kuitwa. Akaichukua mikrofoni mkononi mwangu. Akasema inasikitisha kuona watu wanahukumu filamu ambayo hawakuitazama. Yeye aliitazama. Kilichomgusa ni uaminifu wake kwa kitabu, hasa mwishoni, mbuzi anapobaki mawinguni na harudi tena. Akavua miwani, akaifuta.

Sauti ya mtoto ikatoka nyuma kumrudisha mbuzi: "Alirudia!" Kisha watoto wote kwa pamoja: "Alirudia! Alirudia!" Barthélemy akavaa miwani tena, kana kwamba ingesaidia.

Blandine, anayeuza beignets, yale maandazi ya mafuta, pale uani, akachungulia mlangoni. "Weye Papa Barthélemy!" akasema. "Ile siku ya filme si ulikuwa kwangu inje, unakula beignets mpaka watu wakatoka?"

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Nilicheka kuliko wote, mpaka nikakumbuka hali yangu.

Mama Orpha akainua mkono watu watulie. Akauliza kama kuna mtu mwingine, mmoja tu, aliyeitazama filamu na kusoma kitabu. Tania akasimama. Mikrofoni ilikuwa kubwa kwake, akaishika kwa mikono miwili.

"Papa yangu alilala," alianza. Watu wakacheka. Akasubiri wamalize. "Kichwa yake ilikuwa ku bega yangu. Ilikuwa nzito. Sikumulamusha, juu jana yake alisimama siku muzima akinyoa watu."

Akaishika vizuri mikrofoni, akaendelea.

"Ile filme ni bulongo, ni muzuri, nilifurahi. Mubuzi anarudia, watu wanapiga mikono, wanaenda kwao. Lakini mu kitabu harudii. Nikafunga kitabu, nikafungua tena, nikaangalia kama amerudia. Mpaka sasa ninaangaliaka. Filme ilinifurahisha. Kitabu haijaniacha."

Akarudisha mikrofoni, akakaa.

Wiki nzima nimetafuta maoni kwenye vichwa vya watu, na maoni yalikuwa yanalala chumba cha pili. Mama Orpha hakupigisha kura. Alimwita Tania mbele, akamkalisha kwenye kile kiti chenye mikono. Miguu yake haikufika chini. Nilipiga makofi mpaka Bibiane akanivuta koti.

Njiani nilimwomba Tania msamaha kwa bega lake. Akasema limepona. Akaniuliza kama yule mamba mwenye huzuni angekuwepo, angeitwa nani. Tulifikiri pamoja mpaka nyumbani. Tumemwita Augustin.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku njema sana! Wateja wote wanamzungumzia mwenyekiti. Nimewaeleza kwamba akili ya sinema hurithiwa upande wa baba. Mwenyekiti akiwa mdogo namna ile anahitaji mshauri, kwa hiyo nimejiteua. Nimeandika kwa rangi kwenye kioo cha saluni: HILAIRE, MSHAURI WA SINEMA. Barthélemy ameona. Mchana naye akabandika karatasi dukani kwake: MSHAURI MKUU. Kesho nitaongeza neno "Mkuu Kabisa".

Kilabu kimechagua filamu ya pili, itaonyeshwa mwisho wa mwezi. Inaitwa Saa Iliyomeza Mji. Hiyo pia imetoka kwenye kitabu. Tania amekiazima maktaba, akakiweka juu ya meza yangu. Anataka tuwe tunasoma wote kila jioni, kurasa chache chache. Nimemwahidi kwa moyo wote. Tutaanza kesho, au keshokutwa, nikipata nafasi. Leo kazi ya ushauri imenibana.

Jioni alipita Georges, kichwa kimelingana pande zote. Akauliza kama hiyo filamu mpya ni nzuri, au akae zake nyumbani.

Nimemwambia asiikose. Ni nzuri sana, hasa katikati.