Mbwa Aliyelala Chini ya Pampu

Jumatatu, 4 Machi

Mbwa mgeni amelala chini ya pampu ya maji. Hana mwenyewe. Rangi ya kahawia, sikio moja limechanika, mbavu zinahesabika. Mdomo haufungiki. Udenda unamtoka nyuzi nyuzi mpaka kifuani, na akisimama anayumba. Watu na ndoo zao wamesimama mbali, hakuna anayethubutu kusogea.

Habari njema kabisa.

Pampu iko chini ya kamati ya maji. Mwenyekiti wa kamati ya maji ni Mwalimu, jirani yangu, mstaafu kama mimi. Kiti kile kilikuwa changu. Miaka thelathini nimekuwa karani wa mizani katika ghala la mazao, sijawahi kukosea hata kilo moja. Lakini mwezi wa kwanza watu walinyoosha mikono wakamchagua yeye, eti ana busara. Hata Dada, dada yangu wa tumbo moja, tunayeishi naye nyumba moja, alinyoosha mkono. Mkono mzima, mpaka kwapa likaonekana.

Sasa kichaa cha mbwa kimelala kwenye pampu ya Mwalimu. Tuone hiyo busara.

Dada anasema nimpigie simu bwana mifugo, kwa kuwa namba yake ninayo. Nimemwambia jambo hilo niachie mimi. Sijapiga. Kitu kizuri hakiharakishwi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka mapema nikabandika tangazo kwenye nguzo ya pampu. Halina jina. "Wananchi, tunakufa huku kamati imelala." Nimepigia mstari kwa rula.

Saa nne Dada amerudi na ndoo tupu. Ameniambia kijiji kizima kimeshajua mwandishi ni nani, kwa sababu hakuna mtu mwingine hapa anayepiga mistari kwa rula. Mbaya zaidi, Mwalimu amelisoma, akatoa kalamu nyekundu, akasahihisha makosa mawili, akalibandika tena palepale.

Wala hayakuwa makosa. Ni namna yangu ya kuandika.

Halafu, kumbe Mwalimu mwenyewe ameshampigia bwana mifugo. Pikipiki ya bwana mifugo imeharibika, atakuja Ijumaa au Jumamosi. Mwalimu amezungushia pampu matawi ya miiba, ameagiza wanafunzi wapite njia ya juu, na mke wake anagawa maji ya tangi lao la mvua bure. Watu wanamsifu mpaka wanakera. Muuza nyama, ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu azaliwe, amesema huyo ndiye kiongozi.

Nimekula chakula cha mchana bila hamu. Dada akasema basi nimrudishie sahani. Nikamaliza.

Jumatano, 6 Machi

Mbwa hayupo. Ameondoka pampuni, amejificha kwenye vichaka nyuma ya tanuri la matofali lililoachwa. Watu wameanza kuchota maji wakicheka. Mkutano wa dharura niliokuwa nikiudai, sasa wanauliza wa nini.

Bila mbwa hakuna hatari. Bila hatari Mwalimu anabaki na kiti chake. Ikabidi nifikiri.

Nimekwenda kwa muuza nyama nikachukua mfuko wa utumbo. Aliuliza wa nini, maana nyumbani kwetu Dada hali utumbo. Nikasema amebadilika. Akanitazama, akafunga mfuko.

Mchana, watu wakiwa wamejilaza kukwepa jua, nimekwenda nyuma ya tanuri. Nilikuwa na fimbo ndefu na roho mkononi. Mbwa alikuwa amejikunja kwenye majivu. Nikatupa kipande. Akakichukua, kikamdondoka. Akakichukua tena, kikadondoka tena. Akakaa anakitazama, halafu akanitazama mimi. Mkia ukatikisika mara moja. Sijui alinidhania nani.

Basi nikarudi kinyumenyume, natupa kipande, yeye ananifuata, hali, ananusa tu na kudondosha. Hivyo hivyo mpaka getini kwa Mwalimu. Pale nikataka kufunga mfuko kwenye geti ili asiondoke. Na yeye akautaka mfuko. Hakunguruma, hakukasirika. Aliusogelea kwa mdomo ule usiofungika, jino likapita juu ya kidole gumba changu.

Mchubuko tu. Damu kidogo sana. Nikauacha mfuko pale getini nikaondoka.

Dada ameuliza. Nimesema miiba ya Mwalimu.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi.

Asubuhi mke wa Mwalimu amefungua geti akakutana na mbwa uso kwa uso. Kelele zilisikika hadi kwetu. Saa tisa mkutano ukaitishwa pampuni, watu wengi kuliko siku ya uchaguzi.

Mwalimu alisema kwa upole wake ule unaochosha kwamba mbwa yuko kichakani tena, tumzingire kwa mbali, tusimguse, tumsubiri bwana mifugo ambaye ni mtaalamu. Huenda anaumwa kitu kingine. Huenda hata haumwi.

Ndipo nikasimama. Sijapata kuzungumza vile maishani. Niliuliza kama tunasubiri mtu ang'atwe ndipo tushtuke. Niliuliza ni mama yupi yuko tayari kumtoa mwanawe. Wanawake wawili walishika vichwa. Nikatoa pendekezo: mbwa auawe popote atakapoonekana. Mikono ikaruka juu kama ndege waliotupiwa jiwe. Muuza nyama alinyoosha miwili.

Mwalimu hakunyoosha. Dada naye alikuwa amefumbata mikono, ananiangalia kidole.

Kidole kinapwita. Ni joto la furaha.

Ijumaa, 8 Machi

Wakati wa chai Dada amenishika mkono kwa nguvu. Akasema miiba inachana namna moja na jino linachana namna nyingine, na yeye amefuga mbwa kabla mimi sijajua kuvaa suruali. Nikajaribu kucheka. Akachukua mtandio wake, akaniambia tangulia.

Zahanati. Muuguzi amenisuuza kidole kwa maji na sabuni dakika kumi na tano nzima, huku akiuliza kwa nini sikuja siku ileile. Sindano ya kwanza nimechomwa leo, nyingine zinafuata kwa tarehe. Akaeleza taratibu, kama mtu anayezungumza na mtoto, kwamba ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu hauna dawa. Hauna kabisa. Anayeumwa huzikwa.

Halafu akasema kuhusu mbwa. Afungwe mahali salama, aangaliwe siku kumi. Akizimaliza akiwa mzima, basi aliponing'ata hakuwa na kichaa, na sindano zilizobaki zitaachwa.

"Huyo mbwa asiuawe," akasema. "Umenisikia, Karani? Ndiye cheti chako."

Nikatoka pale. Dada akaniuliza mbwa alining'atia wapi. Nikamwambia alinivamia karibu na tanuri. Alisema kesho alfajiri atakwenda barabara kuu kumsubiri bwana mifugo, amlete moja kwa moja, asije akazungushwa.

Mimi nikaenda kichakani mbio, kwa kadiri ya mbio za mtu wa miaka yangu. Nilikuwa na kamba yenye kitanzi mwishoni mwa mti mrefu. Nilitegemea vita. Mbwa alinyanyuka, akaingiza kichwa mwenyewe kwenye kitanzi, akanifuata hadi nyumbani nyuma ya mashamba, akiyumba, kama vile tulikuwa tumeahidiana. Nimemfungia kwenye banda la kuni. Nimemwekea maji kwenye sufuria iliyotoboka. Anayalamba, yanamwagika.

Mbwa niliyempitishia azimio la kuuawa yuko nyumbani kwangu, na ninamwomba aishi. Mtu asome hapa acheke. Mimi sichekwi ovyo.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa shida.

Saa mbili walikuja wanaume sita na marungu, muuza nyama mbele. Wamefuata nyayo na udenda mpaka uani kwetu. Dada alikuwa ameshaondoka. Nikawaambia hapa hakuna mbwa. Ndani ya banda mbwa akakohoa.

Wakati huohuo Mwalimu akaingia, anahema, shati limefungwa vifungo kombo. Akasema amepigiwa simu, bwana mifugo ameshavuka daraja, ni muda mfupi tu. Akawaomba wasubiri. Akawaomba kweli, mtu mzima, kwa kuunganisha viganja. Wakasitasita. Muuza nyama akasema kama Karani, mwenye pendekezo, anaruhusu, wao watasubiri.

Wote wakanigeukia.

Sentensi moja ilitosha. Amening'ata, muuguzi anamtaka hai. Lakini baada ya sentensi hiyo wangeuliza alining'ata lini, na wapi, na nilikuwa nafanya nini naye. Na muuza nyama alikuwa amesimama pale, hatua mbili, mtu aliyenifungia ule mfuko kwa mikono yake.

Mwalimu akanikaribia. Akasema kwa sauti ndogo, ili wengine wasisikie:

"Mzee mwenzangu, kama kuna sababu mbwa huyu abaki hai, sema sasa. Sitakuuliza zaidi."

Nikaona macho yake. Alikuwa anajua. Tangu siku ya geti, alipoukuta ule mfuko, alikuwa anajua, na hakunisema mkutanoni. Hilo ndilo lililoniudhi. Nani alimwomba anifichie?

Nikasema, "Azimio ni azimio."

Wakafungua banda. Mimi nikatazama uzio. Uzio wetu unahitaji nguzo mpya upande wa mashariki. Mbwa hakubweka. Nilidhani itachukua muda mrefu zaidi.

Haijapita hata nusu saa, pikipiki ikaingia. Bwana mifugo, na Dada nyuma yake amejishikilia. Dada aliteremka, akaona, akakaa chini pale pale kwenye mavumbi.

Bwana mifugo akavaa glavu, akafunua mdomo wa mbwa, akaangaza tochi. Akaomba koleo. Akavuta kitu, kikagoma, akavuta tena. Mfupa. Kipande cha ubavu kilichokuwa kimekwama kaakaani, meno ya huku na meno ya huku, kimeshaanza kuozesha nyama. Ndiyo maana mdomo haukufungika. Ndiyo maana udenda. Na kuyumba, akasema, ni njaa tu, siku nyingi mnyama huyu hajameza kitu. Ingekuwa kazi ya dakika mbili.

Muuza nyama aliweka rungu lake chini polepole, kama vile lingevunjika.

Bwana mifugo akasema ataondoka hivyo, isipokuwa kama kuna mtu aliyeng'atwa, hapo ni lazima kichwa kipelekwe maabara. Nikautazama uzio tena.

"Amemng'ata huyu," Dada akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Tangu Jumatano."

Wanaume sita, na Mwalimu. Wote walinitazama kidole.

Jumatatu, 11 Machi

Sindano ya pili. Muuguzi hakunisalimia. Alichoma kwa ujuzi na kwa uchungu.

Muuza nyama amesimulia habari za utumbo kwa kila anayenunua nyama, na hata kwa wasionunua. Watu wakiniona wananiita "mwenye pendekezo". Nikipita na mfuko, hata wa sukari, wanakaa kando.

Mbwa amezikwa nyuma ya tanuri, mwili bila kichwa. Waliomzika ni Dada na mke wa Mwalimu. Hawakuniita. Nilisimama mbali nikaona wanachimba. Ardhi ya pale ni ngumu, wamechukua saa nzima. Nilikuwa na jembe zuri zaidi nyumbani.

Jioni Mwalimu ameitisha kikao cha dakika tano. Amejiuzulu. Alisema hana uwezo wa kuongoza, maana siku ya mkutano alikuwa na neno la kusema akaliacha ili kumlindia mtu heshima, na mnyama amelipia. Hakunitaja. Hata kujiuzulu kwenyewe amefanya kwa majivuno.

Jumatano, 20 Machi

Majibu ya maabara yamefika. Hana kichaa. Hakuwahi kuwa nacho. Muuguzi amesema sindano zilizobaki hazina haja. Kwa hiyo nimechomwa tatu za bure.

Nimempa Dada habari hii nikidhani atafurahi kwamba sifi. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Nimesikia." Akaendelea kuchambua. Siku hizi sahani yangu anaiweka mlangoni, juu ya kigoda, anafunika, anaondoka. Jana nilimwuliza kama ananiona mimi ni mgonjwa. Akasema hapana, mgonjwa angemwonea huruma.

Nilikaa na sahani ile muda mrefu. Mara nikamkumbuka alivyonitazama kule majivuni, na kipande mbele yake. Yule mbwa. Halafu chakula kikawa kimepoa, nikala hivyo hivyo.

Jumapili, 24 Machi

Uchaguzi mdogo wa kamati ya maji. Mwalimu alikataa kurudi, wakambembeleza mara tatu. Muuza nyama alikataa. Mwenye duka alikataa. Hapo nikasimama nikasema mimi nipo. Hakuna aliyepinga. Mikono ilinyooshwa kama watu wanaofukuza nzi, kisha wakabeba ndoo zao. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini kura ni kura.

Ufunguo wa pampu sasa uko mfukoni mwangu. Nimeusugua unang'aa. Dada hachoti tena pampuni, anapita pale na ndoo yake kichwani, anakwenda kuchota kwenye tangi la Mwalimu. Watu kadhaa wameanza kumfuata. Wivu huo. Utapita.

Nikitazama nyuma kwa utulivu, naona kosa lilikuwa moja tu: utumbo. Utumbo unaacha mashahidi. Mengine yote yalikwenda nilivyopanga.

Kamati ya barabara inachagua viongozi mwezi ujao. Mwenyekiti wao, yule fundi matofali, ana punda. Leo nikitoka mkutanoni nimepita kwake makusudi, nikasimama kwenye ua wake kama mtu anayefunga kamba za viatu.

Yule punda amekohoa. Mara mbili.