Mkuu wa Njia ya Ziwani

Lionel wa mtaa wa Kabondo aliendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, siku ambazo ujanja ulimgomea. Jumatano hiyo alimpeleka mgeni wa Kinshasa kwenye ziwa dogo nje ya mji. Mgeni akashuka, akalizunguka ziwa kwa miguu, akarudi anatweta na kutabasamu. Hakuwa na shamba huko, wala hakuna aliyemfukuza.

"Watalii wanapendaka njia kama hii," alisema. "Ila majani imezidi."

Lionel akakuna kidevu, na Lionel akikuna kidevu jua kuna mtu atalia. Jumapili alitakiwa kumpelekea Papa Yunus, baba wa Djamila, mbuzi mzima wa kufungulia mazungumzo ya mahari. Asipomleta, Djamila angeposwa na fundi simu mmoja mwenye adabu za kuchukiza.

Kesho yake akarudi ziwani, tai shingoni, daftari kwapani. Watu wakakusanyika kwa Mama Générose, mjane ambaye kijiji kizima kilimsikiliza.

"Mimi ni chef, mkuu wa njia ya watalii," alitangaza. "Itazunguka ziwa yote. Nyumba yenye itapita karibu, itauza samaki, chikwangue ya muhogo, kila kitu. Alors, nani anataka ipite kwake?"

Nani asiyetaka? Kuku wakaja, mikungu ya ndizi ikaja. Mama Générose akaleta beberu mweupe, mnene, na Lionel nusura amwite baba mkwe.

"Lakini, tonton, wewe kweli ni chef?"

"Chef kabisa, mama! Kuko mwingine?"

"Bon. Basi kesho ni salongo, kazi ya kijiji kizima. Baiskeli yako nimeiingiza ndani, mvua isiipige."

Ijumaa alfajiri wakampa panga.

"Mama, chef anasimamiaka tu!"

"Kwenu mujini. Huku kwetu, mwenye kuita salongo ndiye anatangulia kukata, na ndiye analisha batu."

Hapo ndipo maskini alipoelewa. Miaka mitatu njia ile ya ziwani, ya kwenda mashambani, ilikuwa imemezwa na majani, kwa sababu hakuna mtu kijijini aliyekuwa mpumbavu wa kuwa mwenye kuita. Walikuwa wakimsubiri yeye, na tai yake.

Siku mbili alikata majani, yeye ambaye maishani hakuwahi kukata hata kucha za miguu bila kulalamika. Kuku wakaliwa Ijumaa. Jumamosi beberu akaingia chunguni, na chef akapewa paja, kwa heshima. Akalila huku machozi yakimtoka, akisingizia pilipili. Lilikuwa tamu, jambo lililomuumiza zaidi. Jioni akarudishiwa baiskeli yake, na kijiji kizima kikamsindikiza kwa nyimbo.

Jumapili akasimama mbele ya Papa Yunus, mikono mitupu, malengelenge matupu.

"Mbuzi iko wapi?"

Uongo wa kila aina ulimjia kwa mpigo, lakini alikuwa amechoka. Akasimulia yote jinsi yalivyokuwa: ziwa, panga, paja. Djamila akacheka mpaka akaketi chini.

Papa Yunus hakucheka. Mzee huyu alikuwa amemwamini Lionel alipodai ana gari gereji na mjomba waziri.

"Wewe, ushike panga? Siku mbili?" Akamfungulia mlango atoke. "Uongo ingine yote nilivumilia, mutoto yangu. Hii imezidi."