Pete ya Zilpa Ndani ya Mtungi

Jumatatu, 5 Juni 1978

Kosa la watu wengi ni kudhani dhahabu lazima ing'ae. Hapana! Ikitolewa kwenye vyuma kwa asidi, hushuka chini ikiwa matope ya kahawia, mabaya kama mashapo ya kahawa, na mjinga huyamwaga. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na mmoja. Simwagi.

Leo nimenunua Malaba gunia la vipande vya mitambo ya simu iliyokufa. Ncha zake zimepakwa dhahabu. Muuzaji ni Ochuodho wa vyuma chakavu, mwenye jino la dhahabu na mdomo usiofungwa. Aliniuliza kama nataka kuwapigia marehemu. Acheke.

Zilpa, mke wangu, amekwenda Bukhayo kumsaidia dada yake kuvuna maharagwe. Amevua pete ya ndoa, ameiacha kwenye kikombe kabatini isije ikapotea shambani. Akaniambia nisiiguse. Nikamuuliza, niiguse kwa sababu gani? Akasema, "Baba Nasimiyu, mimi nakujua." Jumapili tunatoa shukrani kanisani kwa miaka thelathini ya ndoa. Mchungaji ataibariki upya pete hiyo hiyo.

Jumanne, 6 Juni

Asidi mbili nimepata kwa sonara wa Busia mjini. Ya kwanza peke yake haiwezi dhahabu. Ya pili peke yake haiwezi. Zikioana, huila! Ni kama mimi na Zilpa mbele ya kuku wa Krismasi.

Nilichanganya nyuma ya nyumba, ndani ya mtungi wa kioo. Moshi wa rangi ya chungwa! Kuku wetu wamehamia kwa jirani bila kuaga. Nilikohoa mpaka saa kumi. Lakini vipande vinayeyuka, na maji ni kijani safi.

Jumatano, 7 Juni

Ochuodho amekuja kwa baiskeli kuchungulia. Akasema hiyo ni supu ya misumari. Akasema hakuna maji duniani yanayokula dhahabu. Jino lake linaoga pombe ya chang'aa tangu Uhuru na halijapungua. Nikamwomba jino kwa majaribio. Akafunga mdomo, mara ya kwanza tangu nimjue. Majirani waliokuwa uani wakapiga makofi: "Mwalimu ameshindwa!"

Mimi?

Nikaleta pete. Nikaifunga uzi wa kushonea. Nia yangu ilikuwa nusu dakika tu, waone inavyoanza kulika, kisha niitoe. Lakini jambo halionyeshwi bila kuelezwa. Nikaanza na chembe. Nikapitia chumvi, nikagusia kutu. Nilipofika kwenye betri za malori, majirani walikuwa wameondoka na Ochuodho anakoroma kwenye kiti changu. Nikavuta uzi.

Ukaja mfupi. Pete hakuna!

Ochuodho akaamka, akatazama mtungi, akanitazama. Akasema polepole, "Mwalimu, umeshinda. Sasa mama utamwambia nini?"

Alhamisi, 8 Juni

Nimetulia. Dhahabu haipotei, imejificha tu. Nimetia misumari mtungini. Asidi ikishughulika na chuma, huiachilia dhahabu ishuke. Nimekaa karibu na mtungi siku nzima kama kuku anayeatamia. Kuku wenyewe bado wako kwa jirani.

Salamu zimefika kutoka Bukhayo. Zilpa anarudi Jumamosi asubuhi.

Ijumaa, 9 Juni

Matope! Ya kahawia! Nimecheza peke yangu mpaka goti likaniuma. Nimeyasuuza mara tatu, nikayaweka kwenye bakuli.

Ochuodho amekuja na mandazi. Ana huruma sasa. Akauliza, hiki kinyesi cha mbuzi ndicho pete? Nikafurahi, maana swali zuri lastahili jibu kamili. Nikamweleza kosa la watu wengi: kwamba huona matope, hudharau, hushika bakuli hivi, na humwaga hivi.

Nikamwaga.

Chini ya mgomba wa Zilpa. Ochuodho alichukua andazi la mwisho akanipa.

Jumamosi, 10 Juni

Tulianza kuchimba mapema, tukiosha udongo kwa karai. Zilpa alitukuta saa nne, wazee wawili wenye wajukuu tumepiga magoti chini ya mgomba wake. Akauliza nani amekufa. Nikaanza na chembe.

Akasema, "Fupi."

Nikasema pete yake iko kwenye karai.

Akatua gunia la maharagwe. Alinitazama muda mrefu kuliko hotuba yoyote niliyowahi kutoa. Kisha akakunja leso kiunoni, akamwambia Ochuodho asogee. Akazungusha karai kama anavyoosha nafaka ya wimbi: mzunguko, mmwago, mzunguko, mmwago, kilicho kizito kinabaki chini. Nusu saa tu, udongo wote umekwenda na matope ya kahawia yamebaki. Nikataka kumweleza kwa nini njia hiyo inafaa. Ochuodho akanikanyaga mguu.

Tukayapeleka matope kwa sonara wa Busia, naye akauliza, "Mzee, hii ni shamba ama ni mali?" Akayeyusha. Ikatoka punje moja, ya manjano, ikimeremeta! Zilpa ndiye aliyepiga kigelegele. Jioni ilikuwa pete.

Jumapili, 11 Juni

Pete imeingia kidole kidogo tu. Mchungaji akasita. Zilpa akatangaza, hata kwaya ikasikia, kwamba pete imekonda na bwana amenenepa, kwa hiyo ndoa ina uzito ule ule. Kanisa zima likalipuka! Mchungaji alifuta machozi kwa kanzu. Zilpa hakuniachia mkono hadi nyumbani.

Tulikula kuku. (Mmoja. Amerudi kwa wakati mbaya.) Ochuodho alicheka akitafuna mfupa, na jino la dhahabu likalegea.

Jumatatu, 12 Juni

Nimelifikiria jambo lote kwa utulivu wa mwanasayansi. Maelezo hayakuwa na kosa. Pete haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa uzi! Pamba huliwa na asidi. Mtoto wa darasa la tano anajua.

Jino la Ochuodho linatikisika vizuri. Anataka kujua lina dhahabu kiasi gani, na mtungi bado ninao. Nusu dakika tu. Nitaeleza kidogo.

La kufanya leo: nunua uzi wa nailoni.